Mpini wa Mkono wa Kushoto

Kwa miaka yote niliyomjua Dalali, hakuwahi kunisalimia kwa mikono miwili. Huku kwetu ukimheshimu mtu unampa mkono wa kulia, na wa kushoto unauleta juu yake. Yeye alitoa wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikaa mfukoni mwa koti, jua liwake lisiwake, na wageni waliondoka wakisema yule mzee ana maringo. Mimi sijui kunyamaza. Siku ya kwanza aliponiletea viatu nilimwuliza, "Mzee, hiyo mkono ingine umeacha nyumbani?" Akanitazama, akaweka viatu juu ya meza. "Soli," akasema. Hilo ndilo neno pekee nililopata kwake siku hiyo.

Mimi ni fundi wa viatu, kibanda changu kiko mtaa wa Wabera, karibu na msikiti. Yeye alikuwa dalali wa mifugo, Mturkana wa mtaa wa Chechelesi, na sokoni hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mchungaji wake alipomwombea mbele ya kanisa alisema, "Bwana, mkumbuke Dalali," na watu wakaitikia amina bila kuuliza ni yupi. Mambo ya alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sikuyauliza na hakuyasema. Nilijua miguu yake. Alikanyagia ukingo wa nje, kiatu cha kulia kikiisha upesi kuliko cha kushoto, na kisigino kilikuwa na ufa ambao mafuta hayakuusaidia.

Kazi yake aliifanya chini ya shuka. Asiyejua soko letu la mifugo atafikiri ni mchezo. Mwenye mbuzi na dalali wanapeana mkono wa kulia, wanaufunika kwa shuka, halafu wanaongea kwa vidole. Unabana kidole hiki, unagusa kile, unavuta, unakataa. Watu wamewazunguka na hakuna anayejua bei iliyotajwa. Uso hauruhusiwi kusema kitu. Nimewahi kumwona Dalali amesimama hivyo na mwenye ngamia mpaka kivuli kikawahama, wote wawili wanaangalia mbali kama wanaosubiri gari, na mwishowe wakaachana na ngamia ameuzwa.

Serikali ya kaunti ilipokuja na soko likawekewa ukuta na ofisi, alitumwa kijana mmoja mwenye shati safi kuja kujifunza hiyo lugha ya vidole. Alikuwa na adabu, sitamsema vibaya. Dalali akampa mkono, akaufunika, akaanza kumwuzia kondoo. Kijana akaruka nyuma. "Mzee, unanitekenya!" Soko zima likaangua kicheko, na Dalali mwenyewe alicheka mpaka akaketi chini. Nilikuwepo, nikiuza akala zangu, viatu vya matairi. Baada ya hapo kila walipokutana wale wawili walitekenyana viganja, mzee mzima na ofisa wa kaunti.

Ndiyo maana nasema alikuwa mtu wa kukuchanganya. Sokoni alikuwa bubu, kanisani aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote na nje ya wimbo. Aliuza mbuzi wa kuchinjwa maisha yake yote na hakula nyama ya mbuzi; mkewe alimpikia maharagwe. Alisahau majina ya wajukuu wake, lakini sikio la mbuzi alilowahi kuliona mara moja halikumtoka. Hiyo ndiyo iliyomletea taabu.

Mkono wa kushoto niliuona siku alipojisahau, akaegemea meza yangu akijaribu kiatu. Kidole cha mwisho hakikuwepo kabisa. Kile kilicho kando yake kilikuwa kimekauka, hakikunjiki. Nikasema, "Woi! Ni nini ilifanya hivyo?"

"Ngamia."

"Ilikuuma?"

"Mimi ndio nilimchokoza," akasema, kisha akaurudisha mfukoni upesi. Aliuonea aibu huo mkono. Mtu anayepata riziki kwa vidole vyake, na vidole viwili havipo kazini, anaona kama watu watamwona nusu dalali.

Sasa yale masikio. Wafugaji wetu wanakata masikio ya mbuzi wao, kila boma na mkato wake, na huo ndio utambulisho. Siku moja ya soko kijana mmoja alishusha mbuzi kutoka kwa lori. Wenzake Dalali walikuwa tayari kumpa mkono. Dalali alimshika mbuzi mmoja sikio, akamshika wa pili, akasema kwa sauti, yeye ambaye hakuwa anasema kwa sauti: "Hii masikio imekatwa mara mbili, mtu ameficha mkato ya mwenyewe. Hii kidonda ya pili haijapona." Akataja boma walikotoka, boma la mama mmoja mjane wa upande wa Kulamawe. Polisi wakaitwa, yule mama akapata mbuzi wake, kijana akafungwa. Kutoka huko ndani akatuma ujumbe na ulimfikia Dalali kwa midomo mingi: mwambieni mzee tutaonana sokoni.

Yule kijana alikuwa na ndugu wawili nje ya jela. Hawakufanya kitu. Walipita tu. Walipita kwa pikipiki mbele ya kanisa, walipita mbele ya nyumba Chechelesi, walisimama ng'ambo ya barabara wakila miraa na kumtazama. Mtu akikupiga unajua umepigwa. Hao walimwacha asubiri.

Akaomba kibali cha bastola, akazungushwa ofisi hadi ofisi, akapelekwa kufundishwa kulenga, akakipata. Akaja kwangu nimshonee ala ya ngozi ya kuvaa kiunoni. Nilipoona kile kitu nilisimama na nyundo mkononi.

"Toa hiyo shetani hapa."

"Iko tupu, Mama Kinya. Angalia."

"Siangalii! Sheria ya hapa ni moja. Hiyo ikiingia, inaingia tupu, na mimi siigusi. Nitagusa ngozi. Chuma ni yako."

Akakubali. Tukaanza kubishana juu ya upande. Nilitaka kumshonea ala ya kulia, ule mkono mzima. Akakataa katakata. Akaniambia mkono wa kulia ni wa soko. Mtu akimpa mkono chini ya shuka asinuse mafuta ya bunduki. Nikamwambia mkono wa kushoto hauna hata vidole vya kutosha kushika ndoo. "Basi utashika hii," akasema. Ukaidi huo! Nilishona ala ya kushoto huku nikinung'unika, na yeye ameketi pale, mkaidi na mwenye furaha.

Taabu ya kweli ilikuja na kikombe. Kile chenyewe kinaitwa spidiloda. Mimi nilikiita kikombe kwa sababu ndivyo kilivyo. Bastola yake ilikuwa fupi, ya mfukoni, ya silinda. Ukiifungua, silinda inatokea upande wa kushoto, ina matundu matano. Kwa kawaida unaingiza risasi mojamoja. Kikombe kinazishika zote pamoja kwa mduara, unazielekeza kwenye matundu, unazungusha kifundo, zinaingia kwa mpigo mmoja. Alikinunua kwa sababu ya wale ndugu. "Hawatakuja mmoja," alisema. "Hizi tano zikiisha, nitaanza kutafuta ingine mfukoni na hii vidole?"

Duka la Nairobi lilimwuzia bastola yenye mpini mnene wa mpira, na lilimwuzia kikombe, na hakuna aliyefikiria kuvikutanisha. Kikombe kiligonga mpini kabla risasi hazijanyooka. Mbili ziliingia, nyingine zikakwama zimelala upande. Akarudi Nairobi, wakambadilishia mpini mwembamba wa mbao. Sasa kikombe kikaingia vizuri, lakini bastola ikawa inazunguka kiganjani kama sabuni, kwa sababu palipotakiwa vidole hapakuwa na vidole. Mtu wa mkono wa kulia angechonga tu shavu la kushoto la mpini, ule ubao wa upande, na maneno yangeisha, maana kiganja chake kinakaa shavu la kulia. Dalali alishika kwa kushoto. Shavu lililozuia kikombe ndilo hilohilo lililojaza kiganja chake. Ukilipunguza, hashiki. Ukiliacha, hajazi.

Aliketi kwenye kigoda changu akijaribu na maganda matupu ya risasi, mara mpini huu, mara ule. Maganda yalianguka sakafuni, akayaokota, akaanza tena. Ile sauti ya maganda kwenye simiti ilinikera mpaka nikashindwa kushona. "Lete hiyo kitu," nikasema. "Si bastola! Mashavu ya mpini. Fungua hiyo skrubu unipe mbao peke yake."

Wateja wenye miguu mibaya ninao wengi, na nina njia yangu. Ngozi ya soli nailoweka mpaka ilainike, mtu anaikanyaga na kutulia hapo mpaka ianze kukauka, na inabaki na kila kinundu cha mguu wake. Nikaona mkono na mguu ni mamoja. Nikachonga kipande cha mti kwa umbo la chuma kile, nikakizungushia ngozi iliyolowa, nikampa ashike kwa kushoto kama anavyoshika bastola. "Usiachilie mpaka nikuambie."

"Nikitaka kujikuna?"

"Uko na mkono ya biashara. Jikune nayo."

Alikaa hapo mchana ule ameshika ngozi, bastola tupu imo ndani ya ala yake, sisi tukiongea habari za bei ya soli. Pikipiki ikasimama mlangoni. Alikuwa mmoja wa wale ndugu. Alishuka polepole, akajaza mlango, na kibanda changu hakina mlango mwingine.

"Mama, uko na kamba ya viatu?"

"Rangi gani?" Sauti yangu niliisikia inatoka mbali.

Alikuwa anamtazama Dalali. "Mzee, bado uko?"

"Niko."

"Ndugu yetu anatoka karibuni. Anakusalimia sana."

Uso wa Dalali ulikuwa ule wa chini ya shuka, hauna habari yoyote. Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha ngozi, na haki ya Mungu sijui ningekifanyia nini. Yule mtu alitutazama, akatabasamu, akapanda pikipiki akaenda zake. Kamba hakuchukua. Niliwasha jiko nikapika chai.

Ngozi ilipokauka nilimwambia afungue mkono. Ilitoka na alama za ajabu. Vidole vilikuwa vimezama, kiganja kimeacha bonde lenye kina, hata makunyanzi ya ngozi yake yalionekana. Nilifurahi kama fundi. Sijawahi kupata kipimo kizuri namna hiyo kwa mteja yeyote.

Nilichonga mashavu kwa mzeituni wa mwituni, kutoka mpini wa jembe la mama yangu uliovunjika. Kule juu kikombe kinapopita nikachimba bonde. Kule chini nikaacha kinundu cha kuziba pengo la kidole kilicholiwa na ngamia. Kwa vile vidole vingine nikakata mifereji kufuata ngozi. Tupa, msasa, mafuta, halafu tena msasa. Alipofunga skrubu na kuweka maganda kwenye kikombe, niliweka tupa chini. Kikaingia. Akazungusha kifundo, maganda yote yakatumbukia pamoja kwa mlio mmoja.

"Mama Kinya," akasema, "wewe ni mbaya." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Alirudi baada ya siku chache akasema mpini unamwuma. Nikamwuliza wapi. Akasema, "Nikiwa nyumbani inauma. Nikitoka barabarani inakaa sawa." Nikamwambia aache kunichezea, mti haujui kama uko nyumbani. Nikaupiga msasa kidogo kumridhisha.

Halafu nikaanza kuona nilichotengeneza. Zamani alikuwa anaingia kwangu na kuketi popote. Sasa alitaka kigoda kilicho ukutani, kinachotazama mlango. Kanisani aliacha kuimba. Alikaa kiti cha mwisho, na watu walipofumba macho kuomba yeye alibaki amefumbua, mkono ndani ya koti. Muuza miraa mmoja, mtu wa kwetu Meru, mcheshi, alimgusa bega kwa nyuma kumsalimia. Dalali aligeuka na bastola iko nje. Yule mtu aliangusha kitita chake cha miraa akainua mikono, na soko likanyamaza. Dalali aliomba msamaha, akamwokotea kitita mwenyewe. Hakuna aliyemgusa bega tena. Na kazi ikaanza kumponyoka. Unaongeaje na mtu kwa vidole wakati macho yako yako langoni? Wenye mifugo walisema mkono wa Dalali siku hizi hausikii.

Mkewe alikuja kwangu. Mama mpole, huwa anauliza hali ya kila mtoto kwanza. Siku hiyo hakuuliza hata mmoja.

"Umemtengenezea mzee wangu mkono ya chuma."

"Mama, ni yeye aliniomba. Wale watu watamuua."

"Kuuawa anajua yeye na Mungu wake. Mimi naogopa ataua mtu." Akaanza kulia pale kwenye meza yangu, kati ya viatu vya watu. "Ataua mtu bure, mtu amekuja kuuliza njia. Halafu huyo mtu atakuja kukaa na sisi kwa nyumba maisha yote. Nitampikia maharagwe akiwa na huyo mtu hapo."

Niliosha kikombe cha chai ambacho kilikuwa kisafi. Tangu hapo kila niliposikia mlio wa pikipiki ukipasuka barabarani nilifikiri, tayari ameua.

Yule kijana wa mbuzi alifunguliwa. Habari zilifika sokoni kabla yake. Niliamka asubuhi ya siku ya soko nikijiambia siendi, akala zitauzwa wiki nyingine, kisha nikabeba gunia nikaenda. Nilijipanga karibu na lango. Dalali alikuwa kando ya uzio wa mbuzi, koti lake limefungwa, ameegemea ukuta.

Kijana aliingia peke yake. Alikuwa amekonda, nguo zinamning'inia, anavuta beberu mmoja kwa kamba aliyojizungushia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefunikwa kwa shuka. Alikwenda kwa dalali wa kwanza, yule akageuka. Akaenda kwa wa pili, yule akajifanya anaongea na simu. Hiyo ndiyo adhabu ya soko letu kwa mtu aliyekamatwa na wizi wa mifugo, na hakuna jela inayoifikia. Mpaka dalali aliyemtaja akubali kumpa mkono, hakuna mwingine atakayempa. Anaweza kuzeeka akivuta huyo beberu.

Akaja kwa Dalali. Watu wakarudi nyuma, na nafasi ikawa kubwa kati yao na sisi.

"Nagaa, mzee," akasema kijana, ile salamu ya amani ya huku kwetu.

"Nagaa."

"Nimekuja unishike mkono. Hakuna mwingine anashika."

Akaunyosha ule mkono, na shuka iko juu yake bado. Nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi, kwa sababu sivyo inavyofanywa. Mikono inatolewa kwanza mitupu, watu wote wanaiona, inashikana, ndipo inafunikwa. Mkono unaokuja umeshafunikwa una kitu. Unaweza kuwa na kisu.

Mkono wa kushoto wa Dalali ukaingia ndani ya koti. Niliona bega lake linapanda. Nilijua ule mpini uko wapi kiganjani mwake, nilijua kila mfereji, na nilijua kwamba wakati huu haumwumi hata kidogo.

"Toa shuka," akasema.

Kijana akatikisa kichwa.

"Toa shuka, nione mkono."

"Mzee, tafadhali." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Shika tu hivi."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwita kwa jina ambalo silijui. Mke wake hakuwepo, na nilimwona pale kama ninavyokuona, ameinama juu ya sufuria. Dalali alimtazama yule kijana usoni kwa muda, akatazama shuka, akatazama tena uso. Halafu, huku mkono wa kushoto ungali ndani ya koti, akauingiza wa kulia chini ya shuka bila kuona unakoingia.

Hakuna kilichotokea. Walisimama tu. Uso wa Dalali, ambao kwa miaka mingi sikuwahi kuuona ukisema kitu mkono ukiwa chini ya shuka, ukabadilika. Nyusi zikapanda. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtoto. Kijana alianza kulia bila sauti, machozi yanashuka na yeye hayafuti, maana mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Na mimi nikaona koti likitikisika, na mkono wa kushoto wa Dalali ukatoka nje mtupu. Akaupeleka juu, akauweka juu ya ile shuka, mbele ya soko zima.

"Huyu beberu ni wake," akasema kwa sauti. "Sikio yake imekatwa mara moja. Nimeongea na yeye."

Wale madalali wengine walikuja mmoja mmoja. Mimi niliketi juu ya gunia langu la akala.

Hakuja kwangu wiki ile wala iliyofuata. Alipokuja, alichukua kigoda chochote, kile cha katikati, mgongo wake ukiwa mlangoni. Nikamwekea chai. Nilikuwa na swali na alijua ninalo.

"Ilikuwa na nini, hiyo mkono?" nikasema. "Hapo chini ya shuka."

"Haikuwa na kitu." Akanywa chai. "Hata vidole, Mama Kinya. Vitatu vimekunjika, vimeshikana. Aliumia huko ndani. Sikuuliza namna gani. Nambonyeza, hawezi kujibu. Anasukuma tu na kidole gumba kama mtoto. Aliona aibu watu waone."

Pikipiki ikapita nje na hakugeuka.

"Na mimi nilikuwa nimeshaivuta bastola," akasema. "Bado kidogo. Ningemuua kwa sababu ameficha mkono mbaya. Mimi!" Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Wewe nishonee kitu ya kunyoosha vidole ya huyo kijana. Ngozi laini. Nitamleta. Ataona aibu, usimpigie kelele."

"Mimi napigia nani kelele?"

Akafungua koti, akatoa bastola kwenye ala, akanionyesha kwamba ni tupu kama alivyofanya siku zote. "Na hii mpini imeharibika. Hainitoshi tena. Hata barabarani. Hata sokoni."

"Mti haupungui, mzee. Lete nione."

Alifungua skrubu akanipa mashavu mawili ya mzeituni. Nikayageuza kwenye mwanga. Hayakuwa na ufa, hayakupinda. Nikamwambia ashike tena ule mfano wa mti wenye ile ngozi kavu, niliokuwa nimeuhifadhi rafuni, ashike kawaida tu. Akaushika. Vidole vyake vilikaa juu kabisa, vimelala mbali na mashimo yaliyoachwa na vidole vyake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa. Ile ngozi ilikauka siku ya pikipiki. Alikuwa ameibana wakati yule ndugu amesimama mlangoni.

Nikamwambia. Nilimweleza vile ilivyokuwa, kipimo kilichukuliwa saa gani na nani alikuwa amesimama wapi. Alitazama mashavu yale kwa muda mrefu, akipitisha kidole gumba kwenye mifereji.

"Kwa hivyo ulipima woga yangu."

"Nilipima mkono, mzee. Woga ndio ilikuwa imeshika."

"Unaweza kutengeneza ingine?"

"Naweza. Naloweka ngozi sasa hivi, nitatengeneza." Kisha nikamwuliza, maana sijui kunyamaza, "Unataka?"

Aliifunga bastola kwenye kitambaa, chuma tupu bila mpini, akaiweka mfukoni. Kikombe akakiweka juu yake. Alisema anapitia kituo cha polisi kabla hawajafunga, awarudishie na kibali chao, halafu aende nyumbani, mama amepika. Mashavu ya mzeituni akayaacha mezani. Nilimwuliza nifanye nayo nini. Akasema, jembe ya mama yako si ilivunjika.

Akasimama kuondoka, akanipa mkono wa kulia. Nikaushika. Ndipo akautoa wa kushoto mfukoni, akauleta juu ya mkono wangu, ule wenye pengo na kidole kilichokauka, akaubana. Ulikuwa na joto, na ulinuka mafuta ya bunduki.